Nani Alilipa Karo? Shule Sita za Enzi ya Mwingereza na Rekodi Zake

Serikali ya kikoloni haikuwa na haraka ya kumsomesha Mwafrika. Shule nyingi zinazosifika leo Uganda na Kenya zilianzishwa na makanisa, na nyingine na wanakijiji au vijana wenye moyo. Kila moja ina rekodi yake, na kila rekodi inaeleza nani alitoa pesa na alitaka nini.

Sekondari kongwe Uganda: Namilyango (1902). Askofu Henry Hanlon na mapadri wenzake wa shirika la Kikatoliki la Mill Hill waliifungua ili wana wa machifu Wakatoliki wasiachwe nyuma na Waprotestanti. Ushindani wa madhehebu ndio uliojenga madarasa.

Kongwe ya wasichana Uganda: Gayaza (1905). Wamisionari wa Kianglikana wa CMS walianza na wasichana wanne, mabinti wa wakubwa wa Buganda. Walitarajiwa kuwa wake wazuri wa machifu. Hata hivyo walishikishwa jembe kama watoto wa mkulima yeyote.

Iliyotoa marais wengi Uganda: Budo (1906). H. W. Weatherhead wa CMS aliianzisha kwenye kilima wanakotawazwa Makabaka, wafalme wa Buganda. Waliosoma hapo na kuja kuwa marais ni watatu: Mutesa II, Yusuf Lule na Godfrey Binaisa.

Iliyotia fora serikalini Kenya: Alliance (1926). Makanisa ya Kiprotestanti, ambayo kwa kawaida yalivutana, yaliungana na kupokea wavulana 27 huko Kikuyu. Edward Carey Francis, mwanahisabati wa Cambridge, aliiongoza kuanzia 1940 hadi 1962. Kenya ilipopata uhuru, wanafunzi wake wa zamani walijaa katika baraza la kwanza la mawaziri. Francis mwenyewe alikuwa ameshahamia Pumwani, Nairobi, akifundisha kama mwalimu wa kawaida.

Yenye maisha mafupi kuliko zote hizi: Githunguri (1939–1952). Wakikuyu waliokosana na wamisionari walikuwa na shule zao huru, lakini hawakuwa na pa kuwaandalia walimu. Mbiyu Koinange aliporudi kutoka masomoni ng'ambo, chuo kikaanzishwa. Marika yalishindana kuchanga, na wanawake wakachangia bweni la wasichana. Baadaye Jomo Kenyatta alikuja kukiongoza. Hali ya hatari ilipotangazwa mwaka 1952 kwa sababu ya uasi wa Mau Mau, serikali ilikifunga, na mahali hapo pakatumiwa kuwanyongea wapiganaji wa uasi huo. Katika orodha hii, ndicho pekee kilichojengwa kwa senti za wazazi wenyewe, na ndicho pekee ambacho Mwingereza alikiua.

Mkuu aliyedumu kuliko wote: Starehe (1959). Geoffrey Griffin, Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu walianza na vibanda viwili vya mabati jijini Nairobi, wakiwapokea wavulana wa mitaani na yatima wa miaka ya hali ya hatari. Griffin alibaki mkuu hadi alipofariki mwaka 2005, yaani miaka 46. Kaulimbiu ya shule ni "Natulenge Juu". Karo ilipimwa kwa uwezo wa mzazi, na asiye na kitu hakulipa kitu. Namilyango iliuliza kwanza mtoto ni wa nani. Starehe ilimpokea kwanza, kisha ikamtafutia mlipaji.