Je, Shule Inaweza Kuwa Soko?



Katika ziara zetu swali moja limekuwa likirudi. Kwa nini serikali isiwaachie watu binafsi hizi shule zake, au impe mzazi pesa mkononi akachague mwenyewe? Wanaotetea mpango huo husema shule zikishindania watoto, mwalimu mvivu ataamka. Hoja yenyewe si ya kipuuzi. Mwalimu anayefika saa nne na kuondoka saa saba tumemwona sote.

Lakini hebu tufikirie soko tunalolijua. Ukipeleka mbuzi wako soko la mifugo Garissa mjini, wanunuzi ni wengi. Unamkataa huyu unamgeukia yule. Akija mnunuzi mmoja na lori lake huko malishoni wakati wa kiangazi, bei anapanga nani? Ushindani unataka wengi walio karibu karibu. Shule za Bridge zilipoanza mwaka 2009 zilianzia Mukuru, mtaa wa Nairobi uliosongamana, ambako mzazi anaweza kumhamisha mtoto kwa miguu. Huku kwetu kijiji kina shule moja, ya pili iko mwendo wa nusu siku, na pengine mwenyewe umehama na ngamia kufuata maji. Utachagua nini hapo?

Tena tazama pesa zinavyotembea. Tangu elimu ya msingi iwe bure Januari 2003, serikali huipa shule pesa kwa hesabu ya vichwa. Kwa miaka mingi kiwango kimekuwa Sh. 1,420 kwa mtoto kwa mwaka. Wenye uwezo wakitoa watoto 20 kuwapeleka akademi za mjini, shule inapoteza Sh. 28,400. Paa linalovuja ni lile lile, na kila darasa bado linataka mwalimu wake. Kinachouma zaidi, wazazi hao mara nyingi ndio waliokuwa wakipiga kelele mkutanoni. Wakishatoka, nani atamwuliza mwalimu mkuu?

Na mwalimu mwenyewe atatoka wapi? Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, hapa Garissa. Tume ya walimu, TSC, ikawahamisha wengi wasio wenyeji, na shule nyingi za Garissa, Wajir na Mandera zikabaki bila walimu wa kutosha. Uhaba ule haukuletwa na kukosa ushindani. Kilichotakiwa ni ulinzi, na vijana wa hapa hapa waliosomea ualimu. Kazi hiyo ni ndefu na haina faida ya kumvuta mfanyabiashara.

Kikundi kimoja cha akina mama kilitaka kutumia akiba ya chama kulipia watoto wachache karo ya akademi. Hatukuwakataza, pesa ni zao. Tuliwauliza tu: wangapi watabaki? Wakahesabu kwa vijiwe pale mchangani, na rundo la wanaobaki likawa kubwa mno. Wakanyamaza.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inawapa wazazi viti katika bodi ya shule. Kumbe hakuna hata mmoja wao aliyejua ni nani anawakalia viti hivyo. Wamekubaliana muhula ukifunguliwa waende na daftari, waulize majina yao, watoto walioandikwa ni wangapi, na pesa zilizofika ni ngapi.