Uso Ndio Wenye Kazi

Pitisha kiganja kwenye ukuta wa nje uliopakwa rangi nyeupe miaka mingi iliyopita. Mara nyingi kitatoka na unga. Jua limechangia, lakini mshiriki wake yumo ndani ya rangi yenyewe: oksidi ya titani, unga unaoipa rangi weupe wake. Rutili, mojawapo ya madini yenye oksidi hiyo, ilichimbwa katika mchanga wa Kwale, pwani ya Kenya, hadi mwishoni mwa 2024.

Ndani ya punje ya rutili kuna utulivu. Kila atomi ya titani imeshikwa na oksijeni sita, na kila oksijeni imeshika titani tatu. Usoni mambo ni mengine. Katika uso uliochunguzwa zaidi na wanasayansi, safu za oksijeni zilizochomoza, kila oksijeni ikiwa na titani mbili tu, zinapishana na safu za titani zenye oksijeni tano. Atomi hizi zimebaki na mkono mtupu, na mkono mtupu hutafuta cha kushika.

Hadubini ya ncha, iliyobuniwa na Gerd Binnig na Heinrich Rohrer mwaka 1981, huziona safu hizo, ingawa zile za aina moja zimeachana kwa nanomita 0.65 tu. Huonyesha pia mapengo. Uso ukipashwa moto mkali ndani ya ombwe, baadhi ya oksijeni za juu hung'oka na kuacha nafasi wazi. Molekuli ya maji ikitua penye pengo huvunjika: oksijeni yake, pamoja na hidrojeni moja, huziba nafasi ile, na hidrojeni ya pili huhamia kwa oksijeni ya jirani.

Mwanga nao huamsha uso huu. Mwaka 1972 Akira Fujishima na Kenichi Honda wa Japani walieleza jinsi oksidi ya titani inavyosaidia kuyatenganisha maji ikimulikwa. Ukutani, mionzi ya urujuanimno huzalisha kwenye uso wa punje kemikali kali zinazokula gundi ya rangi. Gundi ikiisha, unga hubaki wazi.

Ndiyo maana viwanda huzivika punje utando mwembamba wa silika au alumina. Oksidi ni ileile. Uso wake tu umefunikwa, na ukorofi umepungua. Ukinunua rangi ya kuta za nje, hakikisha imetengenezwa kwa matumizi ya nje.