Nani analipia tuhuma za Lubumbashi?

Mtaji ni mdogo: simu, taa ya duara, mega za intaneti za kutosha na mtu mwenye ulimi. Lubumbashi, kama Kinshasa, uchambuzi wa siasa kwa video umekuwa kazi ya kula, na kinachotoka haraka sokoni ni tuhuma: nani anauza nchi, nani si Mkongomani kamili, nani anataka kuimega Katanga. Ulaya na Marekani wauzaji wa bidhaa hii huitwa mrengo mkali wa kulia. Huku jina hilo halitumiki, ila bidhaa ni ileile.

YouTube huwapa wenye chaneli asilimia 55 ya mapato ya matangazo ya video ndefu, wakishafikisha wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa kwa mwaka. Lakini mpango huo hufunguliwa nchi kwa nchi, na kwa miaka mingi Kongo haikuwemo wakati Kenya, Uganda na Tanzania zimo. Anayeutaka mgawo hutafuta ndugu Ubelgiji au Ufaransa amsajilie chaneli. Hata hapo, bei ya tangazo hutegemea mtazamaji alipo. Kijana wa Katuba, hapa Lubumbashi, aliyetumiwa kipande cha video kwa WhatsApp hamwingizii mchambuzi hata faranga moja. Mkongomani wa Brussels humwingizia. Basi maneno ya ukali kuhusu jirani wa Kampemba hupikwa kwa ladha ya mtu asiyeishi naye.

Fedha nyingine hutoka kwa wanasiasa, na njia yake ni ya zamani. Muziki wa Kongo una libanga: tajiri analipa, mwimbaji anamtaja. Wanahabari wana coupage, bahasha ya baada ya mkutano. Mchambuzi wa video amerithi vyote viwili: kusifu kuna bei, kushambulia kuna bei, na kunyamaza vilevile. Mwaka 2020 Facebook iliondoa mtandao wa kurasa na akaunti za Kongo uliohusishwa na mwanasiasa wa Kinshasa.

Mauzo makubwa yalikuja Julai 2021, pale muswada uliotokana na wazo la mwanasiasa Noël Tshiani ulipowasilishwa bungeni: vyeo vya juu vya nchi viwe vya mtu mwenye baba na mama Wakongomani tu. Kila mtu alijua unamlenga Moïse Katumbi, gavana wa zamani wa Katanga, ambaye baba yake alikuwa Myahudi kutoka Ugiriki. Muswada haukupita. Mada haikufa, kwa sababu ina wateja pande zote mbili.

Upande wa pili, ule unaowalenga Wakasai, watu wa asili ya Kasai, ni wa hatari zaidi. Lubumbashi inakumbuka 1992 na 1993, gavana Gabriel Kyungu alipowaita Wakasai bilulu, wadudu, na mamia ya maelfu wakafukuzwa Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo. Wakati ule chuki ilihitaji jukwaa na vijana wa chama. Leo, video ya treni iliyojaa Wakasai wanaoingia mjini, ikiwekewa sauti ya mtu anayedai kuna mpango wa siri wa kuiteka Katanga, hufanya kazi hiyo bila mkutano wa hadhara. Rais akiwa ni Mkasai, mpango huo hauhitaji ushahidi mwingi.

Dawa inayotumika kwingine ni kuwanyima wachochezi matangazo. Alex Jones wa Marekani alifukuzwa YouTube Agosti 2018, akaendelea kula kwa kuuza dawa za lishe. Hukumu za 2022, zaidi ya dola bilioni 1 kwa familia za waliouawa katika shule ya Sandy Hook alizozizulia uongo, ndizo zilizomuumiza. Mchambuzi wa Lubumbashi hategemei matangazo pekee, kwa kuwa ana bahasha za wanasiasa, hivyo kumnyima hakummalizi. CSAC, baraza linalosimamia vyombo vya habari, linaweza kusimamisha kituo cha redio au mwandishi aliye nchini, lakini mkono wake haufiki Brussels. Juni 2025 lilitumia nguvu zake kuvikataza vyombo kuripoti habari za rais wa zamani Joseph Kabila. Waliokuwa na la kusema juu yake walihamia simuni.

Soko litapanda. Uchaguzi mkuu unatarajiwa Desemba 2028, na tangu Rais Félix Tshisekedi atangaze huko Kisangani, Oktoba 2024, tume ya kuandika katiba mpya, kuna watu wanaohitaji katiba hiyo isifiwe na wengine wanaohitaji ionekane njama ya kabila moja. Wote wana bajeti.