Mtu Mzima Mwenye Pumu na Muuguzi Wake

Pumu ni ugonjwa wa kudumu wa njia za hewa. Kuta za njia hizo huwa zimevimba kwa ndani hata siku ambazo mgonjwa hasikii lolote. Zikichokozwa na moshi, vumbi, mafua au baridi, misuli inayozizunguka hujikaza, makohozi huongezeka na hewa hukosa nafasi ya kupita. Kifua hubana, kikohozi huzidi usiku, na mlio kama wa filimbi husikika mgonjwa anapotoa pumzi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu wapatao milioni 262 walikuwa na pumu, na 455,000 walikufa kwayo. Haina tiba ya kuiondoa kabisa, lakini hudhibitika. Kwa kuwa sehemu kubwa ya udhibiti huo hufanyika nyumbani, kazi kubwa ya muuguzi ni kumwachia mgonjwa ujuzi.

Muuguzi huanza na maswali manne kuhusu wiki nne zilizopita. Je, dalili za mchana zilitokea zaidi ya mara mbili kwa wiki? Je, pumu ilimwamsha usiku? Dawa ya kutuliza ilitumika zaidi ya mara mbili kwa wiki? Kuna shughuli aliyoshindwa kuifanya? Majibu matatu ya ndiyo yanaonyesha kuwa pumu haijadhibitiwa.

Mara nyingi chanzo ni kutotofautisha dawa mbili. Salbutamol, dawa ya kutuliza, hulegeza misuli ndani ya dakika chache, na mgonjwa huiamini kwa sababu huona matokeo papo hapo. Lakini haiondoi uvimbe. Uvimbe hupunguzwa na dawa ya kuzuia yenye steroidi, kama beklometasoni au budesonidi, ambayo hufanya kazi polepole, na wengi hukosea kwa kuiacha mara tu wanapojisikia nafuu. Tangu 2019, mwongozo wa kimataifa wa pumu wa GINA haupendekezi mtu mzima kutibiwa pumu kwa salbutamol peke yake.

Dawa nzuri nayo hupotea ikivutwa vibaya. Muuguzi makini haridhiki na jibu la "najua". Humpa mgonjwa inhela aitumie mbele yake. Kwanza mgonjwa huitikisa, hutoa pumzi yote, kisha hubana mdomo wa inhela kwa midomo. Huanza kuvuta pumzi taratibu huku akibonyeza mara moja, huendelea kuvuta hadi mwisho, kisha huzuia pumzi kwa sekunde kumi. Kosa la kawaida ni kubonyeza kabla ya kuvuta, dawa ikaishia kooni. Anayeshindwa kuoanisha mambo hayo mawili anaweza kutumia chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa kitakoni tundu la kuingiza inhela bila mwanya, akavutia dawa kwenye mdomo wa chupa. Baada ya steroidi, husukutua na kutema ili asipate utandu mweupe wa fangasi mdomoni.

Vichokozi hutafutwa nyumbani na kazini: jiko la mkaa au kuni, sigara, mende, unga wa mashine ya kusaga, vumbi la mbao, rangi ya kupulizia. Baadhi ya wagonjwa hubanwa na aspirini au diklofenaki, na dawa ya propranolol ni hatari kwa wote wenye pumu. Mjamzito haachi dawa zake, kwani pumu isiyodhibitiwa humdhuru yeye na mtoto.

Mgonjwa huondoka na mpango ulioandikwa: dawa za kila siku, dalili za kuzorota, hatua za kuchukua. Mwenye kifaa cha kupima nguvu ya pumzi hupuliza mara tatu na kuandika kipimo cha juu. Kikiwa chini ya nusu ya kipimo chake bora, hiyo ni dharura.

Dharura pia ni mtu kushindwa kumaliza sentensi, midomo kuwa ya bluu, au salbutamol kutomsaidia. Huketishwa wima wala halazwi, huvuta salbutamol pumzi 4 hadi 10, moja moja, kupitia chupa, na kurudia kila dakika 20 huku akipelekwa hospitali. Mlio wa filimbi ukinyamaza ilhali bado anahema kwa shida, hali imezidi kuwa mbaya.

Baada ya shambulio, mgonjwa huonwa tena ndani ya wiki moja. Muuguzi humwangalia akivuta dawa, hurekebisha mpango na kuuliza inhela ya salbutamol imedumu muda gani. Yenye pumzi 200 ikiisha ndani ya mwezi mmoja, matibabu ya kuzuia yanapaswa kuangaliwa upya.