Mafuta Yaliyokwisha Kukaangiwa Yaende Wapi?

Yapo mambo ambayo kwa udogo wake hayapati nafasi katika mikutano yetu, nayo huendelea kutudhuru kimya kimya mpaka siku yanapogeuka kuwa dharura. Mojawapo ni mafuta yanayobaki karaini baada ya kukaanga. Tunajua sote yanakokwenda: mtaroni, karoni, au nyuma ya banda la jiko. Mwezi wa Ramadhani, ambapo hakuna nyumba isiyokaanga sambusa, bajia, katlesi au kaimati, jambo hili hufanyika mitaa yote kwa wakati mmoja, usiku baada ya usiku, kwa muda wa mwezi mzima.

Wazee wetu hawakuwa na shida hii kwa kiasi hiki. Mapishi yao yalikuwa ya tui, na mafuta ya nazi yalikuwa mali ya kuhesabiwa. Hata sifa, mafuta ya samaki yenye harufu isiyostahimilika, haikumwagwa, bali ilipakwa majahazi. Leo mafuta ya mawese huletwa katika madumu kutoka Malaysia na Indonesia, na mkono wa mtumiaji umekuwa mwepesi.

Wako wanaodhani kwamba wakimimina maji ya moto na sabuni juu ya mafuta wamekwisha kuyasafirisha. Kweli wameyasafirisha, lakini hatua chache tu, mpaka mbele ya mlango wa jirani. Huko bomba ni baridi, nayo hupoa na kushika ukuta wake. Tena maji ya visiwa vyetu yana chokaa nyingi, kama anavyoona kila mwenye birika lenye ukoko mweupe ndani. Asidi za mafuta zikikutana na chokaa hiyo, na ile iliyomo katika saruji ya mitaro, huzaa kitu mfano wa sabuni ngumu isiyoyeyuka, ambayo hunasa mchanga, nywele na taka nyingine. Mwaka 2017 mjini London, mtaa wa Whitechapel, lilikutwa chini ya ardhi pande la uchafu wa namna hiyo lenye urefu wa mita 250 na uzito wa tani 130. Ikiwa mji wenye mitambo na fedha za London umetaabishwa hivyo, sisi wenye mitaro iliyo wazi tuna sababu ya kutahadhari zaidi.

Mtaro uliozibwa hausubiri. Masika ikifika, maji ya mvua hukosa njia, hupanda vibarazani, yakachanganyika na ya makaro. Kipindupindu kilisajiliwa hapa Zanzibar mwaka 1978, na tangu hapo kimetutembelea mara kwa mara, na mwaka 2016 tulikuwa nacho tena. Hatusemi kwamba mafuta ya bajia huleta kipindupindu. Tunasema kwamba maradhi hayo hustawi penye maji machafu yasiyokuwa na pa kwenda, na kwamba sisi wenyewe tunashiriki katika kuyafungia njia.

Aliye shamba asidhani amesalimika. Karo likitiwa mafuta, utando huelea juu yake, na baadaye matundu ya udongo ambamo maji hunywewa huziba, karo likafurika kabla ya wakati wake. Insafu inatutaka tuseme pia kwamba mafuta ya kupikia si sumu kama dizeli, na kidogo chake ardhi huweza kukimeng'enya polepole. Lakini sehemu kubwa ya maji tunayokunywa Unguja hutoka chini ya ardhi, katika visima na chemchemi kama za Mtoni na Bububu. Kusini na mashariki ya kisiwa, katika ardhi ya maweni, udongo ni haba na jiwe lina mianya, hivyo kinachomwagwa juu hufika upesi kwenye maji. Watu wa huko, ambao wazee wao waliteka maji mapangoni, hawahitaji kuelezwa hayo.

Tuliosomeshwa chuoni tunaikumbuka mas-ala ya panya aliyeanguka katika samli. Ikiwa imeganda, huondolewa panya na kilichomzunguka. Ikiwa ni ya maji, hukumu huwa nyengine, kwani unajisi umekwisha kuenea. Hata hivyo wako wanavyuoni, wakiwemo wa madhehebu yetu ya Shafi, walioruhusu mafuta ya namna hiyo yawashiwe taa nje ya msikiti. Mas-ala hayo yalihusu najisi, sio mitaro. Lakini mna ndani yake hekima mbili zinazotufaa: kwamba kilichoganda hudhibitika kuliko kinachotiririka, na kwamba kisichofaa kuliwa hakilazimiki kutupwa.

Basi mama wa nyumba na afanye hivi. Mafuta yakishapoa kabisa, ayachuje kwa kitambaa na kuyahifadhi katika chupa yenye kifuniko, mbali na jua. Yatafaa kukaangia tena mara chache. Yakiwa meusi na mazito, yakitoa povu, au yakifuka moshi kabla hayajapata moto wa kutosha, yamekwisha, na asimpe wala asimuuzie mkaangaji mwengine. Karai lipanguswe kwa makumbi au karatasi kabla ya kuoshwa. Makumbi hayo yakiwekwa jikoni hushika moto vizuri sana. Mafuta mengi zaidi yachanganywe na majivu au maranda mpaka yakauke, ndipo yaende jaani.

Iko pia njia ya sabuni, nayo yafaa kufanywa na vikundi vya akina mama kuliko na mtu mmoja mmoja. Kilo moja ya mafuta yaliyochujwa huhitaji gramu 130 hivi za magadi makali ya sabuni, yaani kostiki soda, yaliyopimwa kwa mizani, na gramu 350 za maji. Soda ndiyo hutiwa katika maji, na kamwe maji yasimiminwe juu ya soda, kwani huchemka na kuruka. Sufuria zetu za alumini hazifai hata kidogo, kwa sababu soda huzila. Itumike ndoo ya plastiki madhubuti. Mikono na macho yakingwe, na watoto wasiwe karibu. Mchanganyiko hukorogwa mpaka uwe mzito kama uji, ukamiminwa katika kasha, na baada ya kukatwa vipande uachwe wiki nne. Ni sabuni ya nguo na sakafu. Ya kuogea isiwe.

Hapa hatuna budi kuwageukia viongozi. Imekuwa desturi kila kampeni ya usafi kumalizikia kwa kumlaumu mwanamke aliyemwaga ndoo, bila ya kumwonesha pahala pengine pa kuimwaga. Mwaka 2006 Zanzibar ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki, raia alikuwa na kikapu chake cha ukili cha kurudia. Katika mafuta hakuna kikapu. Mji wa Kyoto, nchini Japani, ulianza mwaka 1997 kukusanya mafuta ya majumbani na kuyageuza kuwa nishati ya magari yake ya taka. Hatuombi kiwanda. Tunaomba kila shehia iwe na pipa moja lenye kifuniko, pahala panapojulikana, na siku maalumu ya kuja kulichukua, kwani pipa lililojaa bila ya kuchukuliwa ni mtaro mwengine. Mahoteli, ambayo hukaanga kwa siku moja kuliko mtaa mzima, yatakiwe kuonesha mafuta yao yamekwenda wapi na nani aliyeyapokea.

Masheha na mabalozi wa mashina wanaweza kuanza kwa kuwauliza wakaangaji wa barazani, kwani hao ndio wenye mafuta mengi, wako pahala pamoja kila jioni, na hujua siku gani wanabadilisha. Kwa Mji Mkongwe na Michenzani, ambako nyumba nyingi hushirikiana bomba moja, kazi hiyo ingefaa imalizike kabla ya Shaabani kwisha.