Dakika Moja ya Kumwokoa Mtoto Mchanga



Mwezi huu tunazungumzia mtoto anayezaliwa “amechoka”, yaani asiyelia wala kupumua. Mara nyingi tumezika watoto wa namna hiyo tukisema ni mapenzi ya Mungu. Lakini wengi wao huweza kuishi, iwapo anayemzalisha mama amefundishwa.

Katika watoto 100 wanaozaliwa, karibu 85 hupumua wenyewe. Wengine 10 hivi hupumua wakikaushwa na kusuguliwa mgongo. Wachache waliobaki huhitaji kupuliziwa hewa. Wanaohitaji dawa na mitambo ya hospitali kubwa hawafiki mmoja. Kwa hiyo hata zahanati ya kijijini isiyo na daktari inaweza kuokoa wengi.

Mkunga afanye nini?

Kwanza, amkaushe mtoto mara moja kwa kitambaa safi na kumfunika kwa kingine kikavu. Pili, amsugue mgongo taratibu. Tatu, kama bado hapumui, akate kitovu, amlaze chali, kichwa kikiinuliwa nyuma kidogo tu, ampulizie hewa kwa mfuko wa mpira wenye kifuniko cha mdomo na pua, mara 40 kwa dakika. Hayo yote yaanze kabla ya dakika moja kupita. Kifua kisipoinuka, hewa haiingii: aweke kichwa na kifuniko upya, asafishe mdomo na pua.

Kumning’iniza mtoto kichwa chini, kumpiga makofi au kumwagia maji baridi humdhuru na kupoteza dakika hiyo.

Je, semina moja yatosha?

Haitoshi. Katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, wahudumu walifundishwa kwa siku moja mwaka 2010. Walifanya vizuri kwa mwanasesere, lakini huduma kwa watoto wenyewe haikubadilika. Baadaye wakaanza mazoezi mafupi ya mara kwa mara palepale kazini. Vifo vya siku ya kwanza vikapungua kutoka 11 hivi hadi 7 kwa kila watoto 1,000. Mikono husahau upesi isipozoezwa.

Sisi waamini tufanye nini?

Tuwapeleke akina mama kujifungulia kituoni. Kamati za afya ziulize: mfuko wa kupulizia upo? Uko karibu na kitanda cha kuzalia, au umefungiwa kabatini? Wahudumu hufanya mazoezi?

Na ubatizo je? Katika hatari ya kufa, mtu yeyote mwenye nia ya Kanisa anaweza kubatiza. Lakini mwenye mfuko asiuache: mwingine amwage maji na kutamka maneno, naye aendelee kumpa mtoto hewa.

Mungu ndiye aliyempa mwanadamu pumzi ya uhai. Basi tusikubali ipotee kwa kukosa mazoezi ya dakika chache.