Kura Nyingi Si Ukweli: Hisabati ya Kupanga Maarifa ya Pamoja

Programu za majadiliano ya mtandaoni zimewakabidhi wasomaji kazi ambayo zamani ilikuwa ya wahariri, yaani kuamua jibu lipi lisomwe kwanza na lipi lishuke chini. Katika Stack Overflow, jukwaa la waandishi wa programu za kompyuta lililoanzishwa mwaka 2008 na Jeff Atwood na Joel Spolsky, kila jibu hupigiwa kura za kulikubali au kulikataa, na anayejibu vyema hujikusanyia alama za sifa ambazo, kadiri zinavyoongezeka, humpa haki ya kuhariri maandishi ya wenzake. Kwa utaratibu huo watu wasiofahamiana wamejenga hazina kubwa ya maarifa, lakini ubora wa mpangilio wake hutegemea namna kura zinavyohesabiwa.

Njia nyepesi ni kutoa kura za kukataa katika zile za kukubali, kisha kupanga majibu kwa tofauti inayobaki. Kasoro yake ni kwamba jibu lililotangulia huonwa na wengi, hupata kura nyingi na hubaki juu, ilhali jibu bora lililochelewa halifikiwi. Njia ya kutumia asilimia nayo haitoshi, kwa kuwa jibu lenye kura moja tu ya kukubali hupata asilimia 100 na kulipita lililokubaliwa na watu 90 kati ya 100.

Ufumbuzi ulitokana na kanuni iliyotolewa mwaka 1927 na mwanahisabati wa Marekani, Edwin B. Wilson, ambayo hutumia sampuli, yaani sehemu ndogo ya watu waliotoa maoni, kukadiria mipaka ambamo maoni ya watu wote huenda yamo. Programu huchukua mpaka wa chini wa kadirio hilo, na kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95, jibu la kura moja huangukia takriban asilimia 21, huku lile la kura 90 kati ya 100 likibaki na takriban asilimia 83. Jukwaa la majadiliano la Reddit lilianza kupanga maoni kwa kanuni hii mwaka 2009.

Hata hivyo, kanuni hiyo huchukulia kwamba kila mpiga kura huamua peke yake, jambo ambalo si kweli daima. Mwaka 2013, katika jarida la Science, Lev Muchnik, Sinan Aral na Sean Taylor walieleza jaribio lililohusisha maoni 101,281, ambamo baadhi ya maoni yalipewa kwa bahati nasibu kura moja ya kukubali mara tu yalipoandikwa. Kura hiyo bandia iliinua alama za mwisho kwa wastani wa asilimia 25, kwa sababu wasomaji waliofuata waliegemea hukumu waliyoikuta.

Mfumo wa Community Notes, ulioanza mwaka 2021 katika Twitter kwa jina la Birdwatch, umejibu udhaifu huo kwa kuonyesha maelezo ya kusahihisha pale tu yanapokubaliwa na watu ambao kwa kawaida hupingana. Makubaliano ya namna hiyo ni ushahidi wenye nguvu kuliko wingi wa kura za kundi moja, na ndiyo njia inayostahili kuendelezwa. Lakini hakuna kanuni inayoweza kufidia uzembe wa mpiga kura, hivyo kila msomaji hana budi kulisoma jibu na kulipima mwenyewe kabla ya kutazama idadi ya waliomtangulia.